Ukuta Wenye Joto

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, ukungu ulikuwa umeshuka ukatulia kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani, kama mgeni asiye na haraka ya kuaga. Migomba ilikuwa inadondosha maji na mvua haijanyesha. Mama alikuwa chumbani mwake, amekaa kitandani, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mbao, anachambua maharage kwenye ungo. Nilipoingia kumwamkia alinipokea kwa tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike baba.

"Njoo uguse tena hapa," akaniambia.

Nikaweka kiganja ukutani, nyuma ya bega lake. Zile mbao zilikuwa na joto. Joto zuri, la taratibu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Mama akafumba macho, akasema, "Baba yako ananipasha joto." Na mimi, mwanangu, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto, nikaamini.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulisema fundi ameufungua ubao wa fyuzi wa nyumba uliyonunua pale mjini, mtaa wa Mawenzi, akatikisa kichwa, akakuambia ung'olewe wote ufungwe mpya. Ukaniuliza, "Baba, kwani kitu kinachofanya kazi nacho kinang'olewa?" Nikakujibu kwamba mtandao ni mbaya, sikusikii. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Mimi ndiye niliyekosa sauti. Leo nakujibu, ila univumilie nikizunguka kidogo, maana mzee akikata kona haraka huanguka.

Unajua nyumba hii niliachiwa mimi kwa kuwa ni kitinda mimba. Ndiyo desturi yetu: wakubwa huonyeshwa mahali pao wakajenge, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na mama, na makaburi. Watu hudhani ni upendeleo. Ni ulinzi, mwanangu, tena ulinzi usio na likizo.

Nguzo za umeme zilipofika barabarani kwetu, babu yako ndiye aliyekuwa wa kwanza kitongoji kizima kuingiza waya ndani. Fundi wa siku zile alitaka kupanga fyuzi kwenye kipande chochote cha ubao, babu yako akakataa. Aliangusha mringaringa wake mwenyewe hapo bondeni, akaupasua, akapiga randa mpaka ubao ukateleza mkononi. Ndipo zikafungwa juu yake fyuzi nne za kauri nyeupe, kila moja na waya mwembamba ndani yake, mwembamba kama unywele. Ubao ukatundikwa ukumbini, kwenye ule ukuta unaotenganisha ukumbi na chumba alicholala yeye na mama. Taa ilipowaka mara ya kwanza majirani walikuja, wakakaa sebuleni, wakaitazama, wakaaga, na kesho yake wakarudi kuona kama bado ipo. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kukamua, baba alisimama mbele ya ubao wake akausikiliza. Sijui alisikia nini. Nilipenda kumtazama akisikiliza.

Baba alifariki katika ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu kwa waliosafiri vikaanza kupanda mlima: televisheni, majiko ya umeme, pasi zisizotaka makaa. Kaka yangu Prosper, baba yako mkubwa, alikuwa na duka Dar es Salaam, naye akatuletea friza kubwa nyeupe. Mama yako akafungua biashara ya soda baridi na barafu pale barabarani. Hebu fikiria, tukauza barafu chini ya mlima wenye barafu, na watu wakanunua. Baadaye likaja jiko la umeme. Kila kilicholetwa kilichomekwa, na vyote vikanywa kwenye zile fyuzi nne za baba.

Ndipo fyuzi zikaanza kuungua. Leo hii, kesho ile. Nikawa nafunga waya mpya, unakaa siku tatu, unaungua tena. Desemba ikawa inakaribia, na Desemba ya kwetu unaijua: hata aliyekwenda mwisho wa dunia anarudi nyumbani kula Krismasi. Kitinda mimba ambaye nyumba yake ina giza ndugu wakiwa wamejaa, atazungumzwa mpaka Pasaka. Nikamwita fundi Anaeli kutoka Rau.

Anaeli alikuwa kijana kama mimi, mpole, asiyesema mengi. Aliutazama ubao, akaugusa, kisha akausogelea akaunusa kama mtu anayenusa maziwa aliyoyatilia shaka.

"Kaka, ubao huu umechoka," akasema. "Ulifungwa kwa ajili ya taa tano na redio. Sasa mmeupakia mzigo wa lori. Tuutoe, tufunge wa kisasa wenye breka zinazojizima mzigo ukizidi, na hizi nyaya za ukutani nazo tuzibadilishe."

"Ubao huu hautoki," nikamwambia. "Wewe niwekee tu waya mnene kwenye fyuzi, zisiungue tena."

"Hilo siwezi kulifanya."

"Huwezi au hujui?"

Akaanza kukusanya bisibisi zake. Mwanangu, kimya cha mtu mwenye haki kinaudhi kuliko matusi. Nikamwambia kwamba mafundi ni watu wa kuona kila kitu kibovu ili wapate kazi, kwamba ubao ule umeguswa na mikono ya baba yangu, na yeye alikuwa wapi wakati huo? Nikamwonyesha njia kwa mkono wa kushoto. Aliondoka nyumbani kwetu bila kikombe cha chai, na hilo, katika nyumba ya baba yangu, halikuwa limewahi kumpata hata mkusanya madeni.

Alipotokomea kwenye migomba, nikachukua kipande cha waya kilichobaki stoo, nikakimenya, nikasokota nyuzi tatu za shaba pamoja, nikazifunga ndani ya kila kauri. Fyuzi zikanyamaza. Krismasi ile watu walijaa, mbuzi akachinjwa, pombe ya mbege ikazunguka, friza ikanguruma, jiko likachemsha, televisheni ikawaka sebuleni tangu asubuhi, na umeme haukukonyeza hata mara moja. Kaka Prosper akanipiga bega mbele ya ukoo mzima, akasema, "Kweli baba alimwachia nyumba mtu." Kichwa kikanivimba. Nilitembea siku ile kama niliyeuvumbua umeme mwenyewe.

Januari na Februari kuna jua, hakuna anayegusa ukuta. Baridi ilipoingia, mwezi wa sita, mama akagundua kwamba mbao za chumbani mwake zina joto. Alihamisha kitanda akakisogeza pale. Akawa anakaa hapo mchana kutwa, kanga yake ameitundika kwenye msumari pembeni yake, na kila aliyeingia aliitwa aguse. Wewe mwenyewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na kiganja chako kidogo kiligusishwa ukuta ule. Mama yako ndiye pekee aliyeuliza kama ni kawaida ukuta kuwa na joto.

"Ya kale ni dhahabu," nikamjibu.

Akaenda kwenye barafu zake.

Sasa rudi nami kwenye ile siku ya ukungu. Nilikuwa bado na kiganja changu ukutani aliposikika mtu akibisha hodi. Alikuwa baba mkubwa Teofili, kaka mkubwa wa babu yako. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa wazee unaotuletea maji kutoka juu msituni, na siku ile alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuita watu wa kuusafisha. Nikampa shikamoo yake, mama akamwita chumbani aje aguse joto la mdogo wake.

Mzee akaweka kiganja. Akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akakitoa, akakinusa. Nikakumbuka mtu mwingine niliyemwona akinusa. Lakini baba mkubwa hakusema neno mbele ya shemeji yake. Alinigeukia tu akasema, "Kijana, chukua jembe. Twende mfongoni."

Tulipanda mlima. Ukungu ulikuwa mzito hata nikawa naona mgongo wake tu, mara upo, mara haupo, na sauti ya maji ikawa inatoka kila upande. Mpaka leo nikiota ndoto ya utotoni huwa nimo katika ukungu ule, nafuata mgongo. Alisimama mahali mfongo unapopinda juu ya korongo. Pale kingo si ya mawe kama sehemu nyingine. Ni udongo laini na majani tu, imeshuka kidogo, na mtu asiyejua angesema imesahauliwa.

"Unapajua hapa?"

Nilipajua. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilipaona pale, nikajiona mwerevu kuliko wazee wote, nikapanga mawe makubwa, nikapakandika udongo mpaka pakawa imara. Mvua ikanyesha huko juu. Maji yalipokosa pa kutokea yalipasua kingo upande mwingine, yakaingia kwenye banda la mbuzi la jirani. Baba hakunichapa. Alinipa koleo nikazoa tope lile siku mbili, na mbuzi wawili nikawafukia mimi.

"Kwa nini hapa hatuweki mawe?" mzee akauliza.

"Ili maji yakizidi yavunje hapa, yaende korongoni."

"Hapa ndipo mfongo unapovunjika ili nyumba zisivunjike," akasema. "Wazee waliotuchimbia hawakushindwa kupata mawe, mlima mzima ni mawe. Walipaacha dhaifu kwa makusudi, na kila mwaka tunapasafisha ili pabaki dhaifu." Akaegemea jembe lake. "Mimi umeme siujui. Lakini siku mdogo wangu alipofunga ule ubao wake alinivuta mkono akanionyesha. Akaniambia, kaka, ndani ya hii kauri kuna waya mwembamba, ni kama pale petu pa majani, mfongoni. Sasa niambie. Umeweka mawe?"

 Nikatazama maji.

"Umeweka," akasema. "Nimewasikia mnasema joto lile ni la marehemu. Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu utoto, namjua. Angetaka mkewe apate joto angempasulia kuni. Usimsingizie marehemu moto uliouwasha wewe."

Mwanangu, nimewahi kupigwa, nimewahi kufiwa, nimewahi kukosa. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Nikatupa jembe nikakimbia. Niliteremka kwenye ukungu nikianguka na kuinuka, na nilichokuwa nakiona mbele yangu ni kichwa cha mama, kimeegemea ukuta, macho kayafumba.

Nilimkuta hivyo hivyo, ungo mapajani. Kulikuwa na harufu ya mti uliochomwa. Harufu hiyo haikuanza siku ile, nasema kweli. Ilikuwepo tangu wiki nyingi, nami nilikuwa nimejiambia ni jiko. Nilimnyanyua mama na ungo wake, maharage yakamwagika, nikamkalisha sebuleni akinigombeza. Nikashusha swichi kubwa, friza ikakata mngurumo, nyumba ikawa kimya. Kisha nikafungua skrubu za ubao, moja moja.

Kwa mbele ubao ulikuwa mzuri kama siku baba alipoupiga randa. Nikaugeuza. Kwa nyuma ulikuwa mkaa. Nyaya zilikuwa zimevua mpira wake, na moto usio na mwali ulikuwa umeula mringaringa wa baba kutoka ndani kwa miezi saba, ukiuachia uso wake laini ili nisione. Ukutani pale kulikuwa na tundu la kupita kidole. Nikaenda upande wa pili, chumbani. Tundu lile lilitokea nyuma ya kanga ya mama. Nikaitoa kwenye msumari, na katikati yake kulikuwa na duara la kahawia, limekauka, linavunjika ukilikunja. Mto wake ulikuwa chini kidogo ya hapo.

Nikakaa sakafuni nikalia. Mama akaita kutoka sebuleni kuuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. "Hakuna kitu ndicho kinacholiliwa hivyo?" akasema.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye kaburi la baba, nikachuma jani moja la sale kati ya yale yaliyolizunguka, nikalifunga fundo. Nyinyi mliohamia mjini mnaliona ni ua la mpakani. Kwetu sisi, ukimkosea mtu ukamletea sale, unakuwa umemletea shingo yako, na yeye hana ruhusa ya kukataa. Nikashuka nalo kwa miguu mpaka Rau. Anaeli alikuwa mlangoni anasafisha bisibisi zake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu mlimani, yote yakapotea njiani. Nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Alilitazama, kisha akacheka polepole. "Ungeniletea maneno ningekufukuza," akasema. "Umeniletea sale, nitafanya nini? Kesho nakuja. Lakini safari hii, chai kwanza."

Alikunywa chai kwanza, tena vikombe viwili, na mama yako alimkaangia ndizi. Kisha alitoa kila kitu: fyuzi, nyaya, vibanio vilivyolika. Akafunga kisanduku kipya cha plastiki chenye breka, kitu kisicho na sura, ambacho hakuna jirani atakayekuja kukaa kukitazama. Alipomaliza aliuegemeza ubao wa baba mlangoni, akasema, "Usiutupe. Huu ulifanya kazi uliyopewa mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyeutwika ya wengine." Ndio ule ubao wa sebuleni, mwanangu, ambao wewe ulikuwa ukiniuliza utotoni kwa nini tumeutundika umegeuka. Uso wake mzuri unatazama ukuta. Nilitaka kila siku nione mgongo wake.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kukusimulia. Alasiri ile Anaeli alipoondoka, mama alirudi chumbani kwake. Ukuta ulikuwa umezibwa kwa mbao mpya. Akapanda kitandani, akaegemea, akangoja. Ukungu ulikuwa dirishani. Akangoja sana.

"Ukuta umepoa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi amekwenda."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini nilimfukuza Anaeli. Niliogopa neno lile. Niliogopa kwamba nikikigusa alichokigusa baba, nikakitoa, basi nitakuwa nimemzika kwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.  Nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikajipenyeza kati yake na ukuta mpaka mgongo wangu ukagusana na wake. "Egemea hapa," nikamwambia. Akaegemea. Alikuwa mwepesi, ungesema ni kanga tu. Nikachukua nusu ya maharage yale, tukachambua sote, yeye akitazama dirisha, mimi nikitazama ukuta. Baada ya muda nikasikia mgongo wake unatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wewe una joto kuliko yeye," akasema. "Tena yeye alikuwa hakai kitako."

Alasiri zote za baridi tulikaa hivyo, mwaka ule na mingine iliyofuata, mpaka Mungu alipomchukua kitandani mwake, kwa uzee wake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili. Mwite fundi huyo arudi, aung'oe ubao wote, na chai aipate kabla hajashika bisibisi. Usingoje uzimike ndipo ujue umekufa, kwani wangu haukuzimika hata siku moja, na ndiyo ilikuwa hatari yake. Fyuzi ikiungua usiitukane wala usiitafutie shaba, jiulize imekukinga na nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wanavyosema, lakini mimi nakuongezea: kuna nyufa nyingine zimeachwa na wenye akili, jifunze kuzitofautisha. Akija mtu kukuambia kwamba kitu chako kimechoka, usimtazame mfuko wake, tazama anachokuonyesha. Na vya wazazi uvipende, uvitundike sebuleni, uwasimulie watoto, ila usivitwike mzigo ambao havikuumbwa kuubeba ili tu usiwaage waliokwenda. Aliyekufa humpendi kwa kumweka ukutani. Walio hai wanaosikia baridi, hao ndio uwape mgongo wako waegemee.

Nenda mwanangu. Ruwa, Mungu wa babu zetu, akutangulie mlangoni na akulindie wanaolala ndani. Akupe fundi msema kweli na moyo wa kumsikiliza. Akujalie nyumba yenye kuta baridi na watu wenye joto.